Nusu Kopo la Rangi Nyekundu

Duka la rangi siku ya Jumamosi asubuhi halina adabu. Mafundi wanasukumana kaunta, huyu anadai brashi, yule anarudisha bati la vanishi lililovuja, na muuzaji anamjibu kila mtu bila kumtazama yeyote. Katika fujo hiyo mikono miwili ililidaka kopo moja kwa wakati mmoja. Lilikuwa kopo la mwisho la nyekundu ya udongo.

"Samahani kaka, hili nimeshalishika."

"Umeshika kifuniko, dada. Kopo nimeshika mimi."

Mwanamke alimwangalia kuanzia juu hadi chini. Yeye mwenyewe alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, kitambaa cha njano kichwani, penseli nyuma ya sikio, na unga wa mbao ulimkaa kwenye nyusi. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na viatu vilivyokazwa kamba kama vya mtu anayesafiri leo leo.

"Unataka kupaka nini?"

"Mbingu."

"Mbingu nyekundu! Huko kwenu ndivyo zilivyo?"

Aliuliza kwa utani tu. Hakujua kwamba neno "kwenu" kwa mtu yule lilikuwa kidonda. Mwanamume alilivuta kopo kwake, akauliza, "Na wewe?"

"Fremu za picha. Hii inakaa chini, dhahabu inakuja juu yake."

"Yaani unainunua ili uifiche."

"Na wewe unainunua ili uibandike isikostahili."

Muuzaji alichoka. Aliwanyang'anya kopo, akachukua jingine tupu, akamimina nusu huku na nusu kule. "Haya, mshagawana. Ondokeni, mnanizibia wateja!"

Simu ya kwanza ilipigwa jioni hiyo hiyo, kwa namba ambayo mwanamume aliiandika kwenye kifuniko cha mwanamke, kwa penseli ile ya sikioni.

"Haloo, nazungumza na Nusu Kopo?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Nusu nyingine."

Mwanamume akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko kilimtoka kwa kukwaruza kama mlango uliokaa bila mafuta. Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia. Jina la Nusu Kopo likamganda, naye akamwita mwenzake Fundi, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita tangu aliporithi karakana ya baba yake.

Sasa nisimulie bila kupindapinda, kwa sababu watu hawa wawili walinikera na bado wananikera. Walipendana, hilo halina ubishi. Nusu Kopo angekaa karakanani mchana kutwa akimtazama Fundi anakata mbao, na Fundi angemfukuza kwa ufagio na kumrudisha kwa kikombe cha chai. Tatizo lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba alichopanga Nusu Kopo. Kulikuwa na mkoba mweusi uliofungwa zipu, ndani yake nguo zake zote, vyeti vyake na viatu vya akiba. Kila asubuhi alitoa shati, akalipiga pasi, akalivaa. Kila alipofua, alikausha na kurudisha mkobani.

"Ni mazoea tu, mpenzi," alijibu Nusu Kopo, Fundi alipomuuliza. "Nilikimbia nyumbani nikiwa mdogo. Waliokuwa tayari ndio waliosalimika."

Fundi alimtengenezea kabati. Alichagua mbao mwenyewe, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu, akalipeleka kwa mkokoteni. Nusu Kopo alishukuru sana. Wiki iliyofuata Fundi alilifungua akakuta makopo ya rangi yamepangwa vizuri kwenye rafu, na mkoba uko pale pale nyuma ya mlango.

Mama yake Fundi, mwanamke mfupi asiyemung'unya maneno, aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, huyu mtu wako anakaa au anapita?"

"Anakaa, mama."

"Nguo zake ziko wapi?"

Siku hiyo Fundi alimbana mwenzake ana kwa ana. "Utanioa au hutanioa?"

"Tutaona, laazizi. Hali yangu si unaijua."

Tutaona! Fundi aliondoka na neno hilo likimwasha mwilini. Mtu mzima, ana mikono na akili, anasema tutaona. Alitaka jambo moja tu duniani: mtu huyu atue. Atue kwake, aachane na mguu ndani mguu nje.

Na picha alizochora Nusu Kopo zilikuwa vivyo hivyo. Watu warefu, shingo ndefu, viganja vimefunguliwa, macho yanatazama juu, na mbingu nyekundu imewazunguka. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga kitu. Chini ya nyayo zao Nusu Kopo aliacha kipande cha turubai kisicho na rangi, upana wa kiganja, kuanzia ukingo hadi ukingo.

Ungemuuliza, angekuambia habari za bibi yake mzaa baba. Bibi huyo aliitwa Muonaji. Aliota maono, akaamka, akayachora kwenye kuta za nyumba ya sala kwa udongo, chokaa na masizi. "Nachora nilivyoonyeshwa," ndiyo kauli yake. Nusu Kopo alikuwa mtoto mdogo anayeketi sakafuni, akiwatazama watu wale wa bibi wakielea ukutani bila ardhi chini yao. Kisha wakaja wanajeshi na ndoo za chokaa, wakazipaka kuta zote nyeupe, na baada ya chokaa zikaja bunduki. Yeye na shangazi yake walivuka mpaka kwa miguu. Alipokua na kushika brashi, mkono wake ulichora watu wale wale.

"Bibi alituona kabla hatujafukuzwa," aliwaambia watu. "Aliona kwamba hatutakuwa na pa kukanyaga."

Maneno yalivutia. Mwenye ukumbi wa maonyesho, bwana mmoja wa miwani mikubwa, aliyapenda kupita kiasi, akaandaa maonyesho ya picha zake peke yake. Kazi ya kuwamba maturubai yote juu ya mbao alipewa, bila shaka, Fundi.

Hapa sasa ndipo simu ya balaa ilipoingia.

Nusu Kopo alikuwa ofisi ya uhamiaji kuomba kibali chake kiongezwe muda. Foleni ndefu, watoto wanalia, kipaza sauti kinaita namba. Simu ikaita.

"Mpenzi, nimefika kwenye picha zako. Kuna sehemu huku chini haina rangi. Nifanyeje nayo?"

"Iko wazi hiyo, mpenzi."

"Iko wazi?"

"Iko wazi kabisa! Nimefika dirishani, tutaongea."

Yeye alimaanisha sehemu ile ni tupu kwa makusudi, iachwe hivyo. Fundi alielewa kwamba jambo lenyewe liko wazi, mpaka anauliza nini? Maana fundi yeyote wa fremu anajua: turubai likiwa na ukingo usio na rangi, ukingo huo ni wa kukunja nyuma ya mbao na kupigwa pini. Ndiyo kazi yake. Basi akakunja. Alikunja kwa upendo, akavuta barabara, akapiga pini moja baada ya nyingine, akapeleka picha ukumbini akiimba.

Alasiri ya ufunguzi Fundi alivaa gauni la zambarau lililomkaa kiunoni, hereni ndefu, na viatu vya visigino vilivyomuumiza. Ukumbi ulijaa. Nusu Kopo alichelewa, kama kawaida yake, akaingia na shati lake jeupe, akatazama ukuta wa kwanza. Akasimama.

Watu wake walikuwa wamesimama. Kila mmoja amekanyaga ukingo wa fremu kwa miguu miwili, kama abiria kwenye foleni.

"Hongera!" mwenye ukumbi alimpiga begani. "Unajua, sasa wametulia zaidi. Wamekaa vizuri!"

Lilikuwa neno baya kwa wakati mbaya. Damu ilimpanda Nusu Kopo mpaka masikioni.

"Nani amewasimamisha watu wangu?"

Fundi alikuja huku anatabasamu. "Umeonaje, mpenzi? Nimevuta mpaka—"

"Nani amekuambia ukunje?"

"Si wewe? Nilikuuliza kwenye simu. Ukasema iko wazi!"

"Niliposema wazi nilimaanisha wazi!"

"Na mimi nilielewa wazi!"

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Nusu Kopo aliitungua picha ya kwanza ukutani, akaishika kwa mikono miwili. "Umefuta kazi ya bibi yangu. Wale walikuja na chokaa, wewe umekuja na pini. Tofauti yenu ni nini?"

"Usinifananishe na wauaji mbele za watu."

"Utajuaje wewe? Umezaliwa mtaa huu, karakana ya baba, nyumba ya mama, utakufa mtaa huu huu. Unajua nini kuhusu mtu asiye na pa kukanyaga?"

Fundi alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavishika mkononi. Nadhani alitaka kumpiga navyo, na kusema kweli nisingemlaumu.

"Pa kukanyaga?" alisema. "Mama yangu amekufungulia nyumba, unakaa sebuleni kwake ukingoni mwa kiti kama unasubiri kuitwa. Nimekujengea kabati, umeweka makopo. Ulipougua nimekulisha kwa kijiko, ulipopona ulifunga zipu. Nani asiye na pa kukanyaga kati yetu? Mimi kwako sina hata msumari wa kutundika kitambaa changu cha kichwa. Wewe ardhi huna kwa sababu hutaki kushuka, ndugu yangu!"

Ndugu yangu. Alikuwa ameitwa mpenzi, laazizi, Nusu Kopo, hata mjinga, akazoea yote. Aliposikia ndugu yangu alijua penzi limevunjika. Fundi akatoka pekupeku, kidevu juu, na machozi aliyahifadhi mpaka alipofika kona ya pili.

Nusu Kopo alibeba picha zake zote siku hiyo hiyo, mwenye ukumbi akimsihi mpaka mlangoni. Chumbani alichukua koleo, akang'oa pini kwa hasira, moja moja, huku akitukana. Akakunjua. Na hapo akapata pigo jingine: mkunjo haukutoka. Kwenye kila turubai, chini kidogo ya nyayo, palibaki mstari. Alilowesha kwa kitambaa. Mstari ukabaki. Mpumbavu huyu akapasha pasi, ile ile ya mashati, akaipitisha huku na huko juu ya kazi yake mwenyewe. Mstari ukabaki, na harufu ya turubai lililoungua ikajaa chumbani.

Siku zikapita, hakuna aliyempigia mwenzake. Fundi alikata mbao kwa nguvu mpaka akavunja msumeno. Alifuta namba ya Nusu Kopo kwenye simu, upuuzi mtupu, maana aliijua kwa kichwa. Nusu Kopo alikaa ananuna hadi alipomkumbuka mtu mmoja ambaye lazima angekuwa upande wake.

Shangazi yake aliishi nchi nyingine, ya baridi, alikokuwa akifua mashuka ya hoteli. Alipokea simu huku mashine zikinguruma nyuma yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Akamwaga yote. Jinsi mwanamke yule alivyokunja, alivyowasimamisha watu wa bibi, wakati bibi aliwaona wakielea bila ardhi. Shangazi alisikiliza. Kisha akauliza taratibu, "Bila ardhi? Nani kakudanganya?"

"Niliona mwenyewe, shangazi. Chini pale ukutani palikuwa patupu."

"Ulikuta patupu!" Shangazi alipandisha sauti kuliko mashine. "Mama yangu alichora ardhi! Nyekundu, ukuta mzima chini, kuizunguka nyumba yote. Sasa sisi tulikuwa tunakaa wapi wakati wa sala? Sakafuni! Tunaegemea wapi? Ukutani! Udongo haukuwa na gundi. Kila tukitoka migongo myekundu, wanawake, wanaume, watoto. Mama alikuwa ananifulia gauni huku ananisonya. Anapaka upya, tunaondoka nayo, anapaka upya. Wewe ulipopata akili za kukumbuka, alikuwa mgonjwa, hawezi tena kupaka. Ndiyo ukakuta pako wazi."

Nusu Kopo alikaa kitandani. "Alikuwa hakasiriki? Mnamfutia kazi yake?"

"Wazee walikuwa wakitukaripia tusiegemee. Yeye anasema, waacheni waende nayo."

"Shangazi, mimi nimewaambia watu miaka yote hii—"

"Basi umewaambia uongo. Uchore unavyotaka, mkono ni wako, lakini usimsingizie mama yangu. Hakuona watu wasio na ardhi. Aliona watu na ardhi yao, na sisi tukaibeba mgongoni." Mashine zilinguruma kidogo, kisha sauti ikarudi imepoa. "Gauni nililovaa siku tuliyokimbia ninalo mpaka leo. Ninafua mashuka ya watu kila siku ya Mungu, doa lile sijawahi kuligusa kwa sabuni."

Alipokata simu, Nusu Kopo alikasirika. Alimkasirikia shangazi kwa kukaa na habari hiyo, akajikasirikia kwa kutowahi kuuliza, akaukasirikia mgongo wake mwenyewe uliowahi kuegemea ukuta ule baada ya rangi kwisha. Kisha akaitazama picha kubwa kuliko zote, ile ya watu saba, na mstari wa mkunjo chini ya nyayo zao. Kutoka kwenye nyayo hadi kwenye mstari palibaki nafasi ndogo. Mtu angeweza kudhani wanashuka.

Mama yake Fundi alifungua mlango wa karakana akamkuta Nusu Kopo na picha mgongoni na ule mkoba mweusi mkononi.

"Umekuja kuaga?"

"Hapana, mama. Nimekuja kufanya kazi."

"Mwenyewe ameenda kupeleka fremu za vioo hotelini. Ingia. Ila nikusikie umemliza tena, nakufungia humu na misumeno."

Aliiwamba picha upya, turubai lote nje, hata ukingo. Akaisimamisha ukutani juu ya vipande viwili vya mbao. Alitafuta nyekundu, na kwenye rafu ya juu, nyuma ya gundi, akaliona kopo lenye namba yake ya simu kwenye kifuniko. Nusu ile ile. Fundi alimwambia zamani kwamba ameshaimaliza. Akalifungua, akatoa utando uliokauka juu, chini yake rangi ilikuwa nzima. Akapaka kuanzia kwenye mstari kwenda chini. Nyayo hakuzigusa, aliziacha pale pale zilipo, zikielekea ardhini.

Fundi aliingia alasiri amevaa gauni la rangi ya maziwa, alilolishona mahususi kwa wateja wa hotelini, na mkufu mwembamba. Alipomwona, uso ulimbadilika.

"Toka."

"Nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza ukumbini. Watu wote walikusikia."

"Nilikosea. Hata kuhusu bibi nilikosea. Itazame picha."

"Sitaki hata kuiona! Picha, picha, siku zote picha!" Na ili mwenzake aone kweli hataki, Fundi akaigeuzia picha mgongo, akajitupa sakafuni kama afanyavyo akichoka, na kuanza kurudi nyuma aegemee.

"Fundi, usi—"

"Usiniambie usi! Hunipangii pa kukaa kwenye karakana yangu!"

Akaegemea.

Nusu Kopo aliziba mdomo kwa viganja viwili. Fundi alihisi ubaridi kiunoni, akapeleka mkono nyuma, akautazama. Ulikuwa mwekundu wote.

"Nini hii? Gauni langu! Wewe mwanamume una laana gani na mimi?" Aliruka juu, akajizungusha kujaribu kuuona mgongo wake. Doa lilikuwa limemkamata kutoka ubavu hadi ubavu, na kwenye picha palibaki pengo la upana wa mtu mmoja, turubai tupu. Alitegemea kusikia makelele ya kazi kuharibiwa. Akageuka amejiandaa kwa vita, akamkuta mtu anacheka na machozi yanamtiririka.

"Unalia nini? Unacheka nini?"

Akamweleza. Ukuta, sala, migongo, gauni la shangazi ambalo halijaguswa sabuni. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kuruka mbele, na Fundi alisikiliza mikono kiunoni, hasira bado ziko puani.

"Kwa hiyo sasa nitembee mjini hivi, kwa sababu ya bibi yako?"

"Nioe."

"Nani? Mimi nikuoe? Hata kuposa hujui!"

"Basi nikuoe. Wiki hii. Niliogopa kushuka, Fundi. Nilidhani nikikanyaga hapa nitakuwa nimewaacha kule."

Fundi alitazama mkoba mweusi uliokaa mlangoni, ile takataka iliyomkosesha usingizi muda wote huo. Akaufuata, akavuta zipu kwa nguvu, akaupindua. Zikadondoka brashi, kitambaa cha kufutia na chupa ya tapentaini.

"Nguo ziko wapi?"

"Kabatini."

"Na makopo?"

"Chini ya kitanda. Na nyuma ya mlango nimepiga msumari, wa kitambaa chako."

Alisimama pale na mkoba mtupu mkononi. Mwisho akageuka, akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza tangu aingie: watu saba wanashuka, ardhi nyekundu inawangoja, na katikati pengo lenye umbo la kiuno chake.

"Hapa utapaka upya?"

"Hapana. Hapo pako wazi."

"Wazi ipi?" Fundi aliuliza kwa ukali. "Sema vizuri leo. Wazi ya kuachwa, au wazi ya kueleweka?"

"Zote mbili, mpenzi."

Fundi akampa kisogo, akaonyesha mgongo wake mwekundu.

"Nifungulie zipu," alisema. "Utanioa, sawa. Lakini kwanza unifulie hili gauni, na doa lisipotoka nitakusonya mpaka uzee."